Mtoto wa miezi 14 kashikwa na degedege mara 3, huyu asema malaria ya kichwa yule asema uti wa mgongo: maji ya mgongoni yatolewe au la?

#1 MwanaLangoni (Lamu)
Assalaam aleikum jamaa. Niko nje ya wodi nimekaa barazani, simu ina moto kidogo kwa hiyo nisameheni nikikatika. Mtoto wa dada yangu, kijana wa miezi 14, homa ilimwanza Jumatatu huko Siyu. Wakamnunulia panadol na dawa fulani ya maji ya dukani, homa ikashuka ikapanda. Jana magharibi akatapika mara mbili halafu degedege hiyo, macho yakapinduka, mkono wa kulia warukaruka. Usiku ikamrudi. Alfajiri wakapata boti na njiani ikamshika ya tatu. Sasa amelala tu, hafungui macho, ukimfinya alia kama paka mchanga, sauti nyembamba nyembamba.

Na kila mtu ana lake. Mama mkwe wa dada asema ni nyuni, yule ndege wa pepo anayeshika watoto. Jirani aliyewasindikiza asema malaria imempanda kichwani. Daktari kapima damu akasema malaria ipo kweli, lakini ashuku pia kuvimba kwa ubongo ama utando wake, ataka kumtoa maji ya mgongoni. Shemeji kakataa katakata, ati mtoto wa fulani alitolewa maji akafa. Wangoja sahihi yetu. Hiki ni kitu gani hasa, kinaletwa na nini, na haya maji yatolewe ama yasitolewe?

#2 Kapteni_Mkanda (Lamu)
Pole sana. Nyinyi ndio mliokuwa kwenye ile boti ya faiba ya bluu alfajiri? Niliwaona mmengojea maji pale mfereji wa Mkanda, ilikuwa kupwa kavu. Masaa mawili hayo mtoto yuko hivyo. Allah amponye.

#3 BintiGede (Malindi)
Mimi ni muuguzi, wodi ya watoto, miaka 11 sasa. Tieni sahihi. Nikimaliza kugawa dawa nitarudi nieleze, lakini tieni sahihi.

#4 Maweni_Kijana (Malindi)
Taratibu dada muuguzi. Hayo maji ndiyo yanalainisha uti, ukiyatoa uti unakauka mtoto anapooza. Kuna kijana huku kwetu Maweni alitolewa, mpaka leo anaburura mguu.

#5 BintiGede
@Maweni_Kijana hayakauki. Maji hayo mwili unayatengeneza saa zote, mchana na usiku, na yanayotolewa ni matone tu ya kupimia. Na sindano haichomwi kwenye uti wenyewe, inaingia chini, karibu na usawa wa mfupa wa nyonga, pale uti umeshaisha imebaki mishipa inayoelea ndani ya maji. Huyo kijana wako anayeburura mguu, uliza alikuwa na nini kabla ya kutolewa maji. Ugonjwa wenyewe ndio unaoharibu mguu, sikio na akili, halafu lawama inabebwa na sindano kwa sababu ndiyo watu waliiona.

Sasa @MwanaLangoni nikujibu. Ubongo na uti umefunikwa na utando. Kijidudu kikiingia kwenye utando ukavimba ndiyo hiyo tunaita homa ya uti wa mgongo, meninjaitisi. Ikivimba nyama yenyewe ya ubongo hiyo ni ensefalaitisi, na mara nyingi hiyo ni kazi ya virusi. Malaria ya ubongo ni kitu cha tatu, hapo chembe za damu zenye vimelea zinanata kwenye vile vishipa vyembamba vya kichwani. Zote tatu kwa nje zinafanana: homa, kutapika, degedege, usingizi usioamshika. Hata mimi na miaka yangu 11 siwezi kuangalia kwa macho nikakwambia ni ipi.

Na hapa ndipo wengi wanakwama. Pwani hii mtoto anaweza kuwa na malaria kwenye damu na bado kinachommaliza ni bakteria kwenye utando. Kipimo cha malaria kikisema ndiyo hakijamaliza maneno. Maji ndiyo yanayosema.

#6 BiMkubwa_Mkomani (Lamu)
Mwanangu pole. Yeo mwasema virusi, sisi twasema nyuni. Wangu wawili walishikwa, mato yakawa meupe pe, mmoja nikamfukiza ubani na mvuje akapona na sasa ana wana wanne, wa pili nikamfukiza vilevile akanifia mikononi kabla ya adhana ya alasiri. Dawa moya, mkono ni huu huu. Basi mimi siwezi kukwambia dawa yangu ni mbaya wala siwezi kukwambia ni nzuri. Mpelekeni ndani.

#7 Maweni_Kijana
Bi Mkubwa shikamoo. Mato ndiyo nini 😂 Malindi tunahitaji mkalimani.

#8 BiMkubwa_Mkomani
Marahaba. Mato ni macho, nawe yako yafungue usome.

#9 Alhaji_wa_Barani (Malindi)
😂😂 Umeyataka mwenyewe.

Mimi niongeze moja. Nilipokwenda Hija nilidungwa sindano ya uti wa mgongo, hukupata viza bila cheti. Tukaambiwa iwe angalau siku 10 kabla ya kuingia Saudia. Sababu yake mwaka 1987 ugonjwa huu ulilipuka kwa mahujaji, na 2000 ukarudi kwa aina nyingine. Swali langu kwa muuguzi, mbona watoto wetu hawadungwi hiyo? Ama afya ni ya kwenda Makka pekee?

#10 BintiGede
Swali zuri alhaji. Hiyo ni ya kijidudu kinaitwa meningokoka, kile kinachopiga sana ule ukanda kutoka Senegal mpaka Ethiopia, na kwetu Kenya ni zaidi kule juu kaskazini magharibi. Huku pwani watoto wamekuwa wakipigwa zaidi na vijidudu vingine viwili, Hib na nyumokoka. Na hizo chanjo zao watoto wanapata, bure. Ya Hib iko ndani ya ile sindano ya paja ya wiki 6, 10 na 14, iliingia Kenya 2001. Ya nyumokoka iliingia 2011. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, pale Kilifi, ambao wako hapo tangu 1989, waliifuatilia hiyo Hib na ilishuka vibaya sana baada ya chanjo. Wauguzi wa zamani wanatusimulia wodi ilikuwaje, sisi tuliokuja baadaye hatuijui hiyo wodi.

#11 Mamake_Twins (Mpeketoni)
Nimesoma nikaacha ufagio. Wangu walikuwa pacha, mmoja akapata hii kitu akiwa na miezi 5. Haikuwa degedege mwanzo, alikuwa tu hataki kunyonya na ukimbeba analia, ukimlaza ananyamaza. Kila mtoto anataka kubebwa, wangu alikuwa anataka kulazwa, hapo ndio nilishtuka. Mama yangu akamgusa utosi akasema umefura. Kweli ulikuwa umeinuka kama mkate wa kumimina.

Tulilala hospitali siku 14 za sindano. Akapona nikamshukuru Mungu nikarudi shambani. Alipokaribia miaka miwili, siku moja upepo ukabamiza mlango wa mabati, pacha mwenzake akaruka akaja mbio kwangu, yeye akaendelea kuchezea kifuniko cha sufuria. Nikabamiza tena mimi mwenyewe kwa nguvu. Hakugeuka. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia masikio yapimwe baada ya hiyo homa. Sasa yuko shule ya viziwi, anaongea kwa mikono haraka kuniliko, lakini ningejua mapema ningeanza mapema.

Kwa hiyo @MwanaLangoni akipona, inshallah atapona, itisha masikio yapimwe kabla hamjapanda boti.

#12 Kapteni_Mkanda
Mama pacha umenitoa machozi na niko kwenye usukani.

#13 DukaLaDawa (Malindi)
Nauza dawa kwa hiyo nijitete kabla hamjanirukia. Hiyo "dawa fulani ya maji ya dukani" @MwanaLangoni angalia chupa, yawezekana ni antibayotiki. Ukimpa mtoto nusu dozi inaweza kuficha ugonjwa, homa inapoa kidogo, halafu hata hayo maji yakipimwa kijidudu hakioti. Mwambie daktari alikunywa nini na siku ngapi, usione haya.

Pili kuna watu bado wanampa mtoto aspirini. Acheni. Mtoto akiwa na mafua au tetekuwanga ukampa aspirini anaweza kupata ugonjwa unaovimbisha ubongo na kuharibu ini. Ni nadra lakini ukitokea ni balaa. Wazee wanakuja dukani kwangu "nipe aspro ya mjukuu", nikikataa natukanwa.

#14 Maweni_Kijana
Sasa hata dawa ya homa inavimbisha ubongo. Basi na chanjo je? Wangu alidungwa ya miezi 9 jioni akachemka kama chapati kwenye kikaango. Mimi naona hizi degedege zimezidi tangu sindano ziwe nyingi. Mbona wazee wetu hawakudungwa na wako?

#15 Mwalimu_Shella (Lamu)
Wazee walioko ndio unaowaona. Waliokufa wachanga hawako barazani kukusalimu. Nenda makaburini uhesabu vile vifupi.

#16 BintiGede
@Maweni_Kijana kuchemka baada ya sindano ni kweli sikatai, na homa yoyote, hata ya chanjo, inaweza kumletea degedege mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5, ile ya dakika chache anaamka analia anataka maziwa. Hiyo inatisha lakini kwa kawaida haiachi kitu. Hiyo siyo ubongo kuvimba. Surua yenyewe ndiyo inayovimbisha ubongo, kama mtoto mmoja kwa kila elfu wanaougua. Na iko aina nyingine inalala kimya miaka 7 mpaka 10 halafu inaamka mtoto yuko shule, anaanza kusahau, anaangusha vitu, hiyo haina dawa. Sindano ya miezi 9 na ile ya miezi 18 ndiyo kinga yake. Wangapi hapa wamekwenda ya miezi 18?

#17 Maweni_Kijana
...Sijaenda ya 18. Sikujua ipo.

#18 MwanaLangoni
Jamaa nimerudi. Nimesoma yote, nimemsomea shemeji ile ya Mama pacha na ya Bi Mkubwa. Akanyamaza muda. Akaniuliza, muuguzi wa Malindi amesema sindano yaingia wapi? Nikamwonyesha kwenye mgongo wake mwenyewe na kidole. Akatia sahihi. Imetolewa saa 5, walimkunja mtoto kama kamba, kichwa kikakutana na magoti, muuguzi kamshika. Kumaliza kwake ilikuwa upesi kuliko kumtafuta mshipa wa mkono.

Chekesho katika msiba: mkono wa kushoto alikuwa amefungwa mvuje kwa kitambaa cheusi, na mshipa mzuri ulikuwa pale pale. Nyanya yake akasema haufunguliwi. Muuguzi hakubishana, kaufungua akaufunga mguuni, nyanya akaridhika, mshipa ukapatikana.

Wamemwanzia dawa mbili pamoja bila kungoja majibu, ya malaria ya sindano artesuneti na antibayotiki seftriaksoni. Na @DukaLaDawa ulisema kweli, chupa ni antibayotiki, alipewa siku mbili.

#19 Alhaji_wa_Barani
Huyo muuguzi wa mvuje anastahili kuwa gavana.

#20 Mama_Kheri (Malindi)
Mimi napinga kidogo hii ya "tieni sahihi" kwa kila mtu. Wangu daktari mwenyewe ndiye alikataa kutoa maji, akasema mtoto hali ni mbaya na presha ya kichwani inaonekana iko juu, kwa hiyo anampa dawa kwanza. Sasa yupi sahihi?

#21 BintiGede
Wote wawili dada. Presha ikiwa juu sana ama mtoto hapumui vizuri, maji yanangoja, dawa haingoji. Asante kwa kunisahihisha, niliandika mbiombio.

#22 Kapteni_Mkanda
Nauliza la mjinga. Kule Siyu na Pate nikibeba wagonjwa, wengi mtoto akishikwa wanamtia kijiko mdomoni asijiume ulimi. Wengine wanamnywesha kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa zikaoshwa, hapo hapo botini. Nifanye nini mimi kama nahodha, maana huwa namwangalia Mungu tu.

#23 BintiGede
Hilo si la mjinga, hilo ndilo la maana kuliko yote humu. Kijiko hapana, kinavunja jino linaingia kwenye koo. Mlaze ubavu, uso uelekee upande ili matapishi yatoke, legeza nguo za shingoni, tazama saa. Usimshikilie kwa nguvu. Usimpe chochote cha mdomoni, maji, dawa, wala kombe, kwa sababu hawezi kumeza, kinaingia kwenye mapafu. Ikipita dakika 5 ama ikirudi kabla hajaamka, hiyo ni mbio.

#24 Sharifu_Mdogo (Lamu)
Na mimi naunga mkono upande wangu. Baba yangu huandika kombe na kila anayemletea mtoto asiyeamka humwambia kwanza hospitali, kombe utakunywa wewe mama upate subira. Watu hawalipendi jibu hilo, huenda kwa mwingine.

#25 Mwalimu_Shella
Mmeongea chanjo mmeongea sindano, mbu je? Huku Lamu nyumba za zamani birika la chooni lilikuwa na visamaki vidogo, na chini limetiwa bakuli la kaure ili maji yakipungua visamaki vipate pa kukaa. Kazi yao kula viluwiluwi vya mbu. Nilizaliwa nyumba kama hiyo, asubuhi unateka maji kwa kata na kisamaki kinakukwepa. Sasa watu wameweka matangi ya plastiki na mapipa bila vifuniko, halafu mwashangaa. 2006 tulipata ile dengi muji mzima tulilala.

#26 Kapteni_Mkanda
Mwalimu si 2006 wala si dengi. Ilikuwa 2004 na ni chikungunya. Nakumbuka kwa sababu mwaka huo ndio nilinunua mashine na sikuweza kuivuta kamba, viungo vyote vimekufa ganzi.

#27 Mwalimu_Shella
Kweli, 2004. Uzee. Mwaka wa ukame, watu wameweka maji ndani kwenye kila chombo. Kutoka kwetu ikaruka Komoro 2005, ikaenda mpaka Réunion. Na jina lenyewe wasema ni la Kimakonde, kitu kinachokunja.

#28 BintiGede
Na hiyo chikungunya inahusu uzi huu, mwalimu hukupotea. Kule Réunion waliona mama akiwa na homa hiyo siku anazozaa, mtoto anaweza kuipata na ubongo ukaathirika. Kisha mbu wake siyo wa malaria. Wa malaria anauma usiku, neti inamzuia. Huyu wa chikungunya anauma mchana, neti imekunjwa, na mayai yake yananata ukutani mwa pipa yanakaa miezi hata pakikauka. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, lazima usugue.

#29 Maweni_Kijana
Visamaki hivyo vinauzwa wapi? Sio utani, nina pipa tatu.

#30 Mwalimu_Shella
Njoo Shella nikupe.

#31 Maweni_Kijana
Shela ipi, na sisi Malindi tunayo Shela 😂

#32 Mwalimu_Shella
Ile yenye mchanga mweupe na watu wastaarabu.

#33 PakaWaGofu (Lamu)
Nimefika nimechelewa. Mwasema mbu na mmekaa na paka mia mbili mlangoni. Kichaa cha mbwa si ubongo kuvimba? Binti yangu aliparuliwa na paka pale sokoni wiki iliyopita, mamake akampaka manjano basi.

#34 BintiGede
Ni ubongo kuvimba, na dalili zikianza karibu hakuna anayepona. Wanaougua karibu wote wametoka kwa mbwa, lakini paka naye anaweza kubeba. Aliparua au aliuma? Damu ilitoka? Jeraha lilitakiwa lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, siyo manjano. Nenda kesho ukaonwe kama anahitaji chanjo, kwa hili wiki moja kupita si sababu ya kukaa nyumbani. Na paka yuko wapi, mzima?

#35 PakaWaGofu
Mzima, amelala juu ya mizani ya muuza samaki. Aliparua tu, damu kidogo. Nitaenda asubuhi.

#36 Mama_Kheri
Na jua? Mama mkwe wangu anasema watoto wanacheza utosi wazi saa sita ndio ubongo unachemka. Na mwingine aniambia ni meno.

#37 DukaLaDawa
Meno hayaleti degedege dada. Ila meno yanaota umri ule ule magonjwa haya yanapopiga, ndiyo maana meno yanasingiziwa kila kitu. Jua kali linaweza kumuumiza mtoto, joto la mwili likapanda vibaya, lakini hilo haliambukizi na haliondoki kwa antibayotiki.

#38 BiMkubwa_Mkomani
Hata nyuni naye alikuwa akija umri ule ule. Wana wakipita miaka mitano ndege hawataki tena. Nimelifikiri hili miaka mingi.

#39 Mamake_Twins
Bi Mkubwa 😭❤️

#40 MwanaLangoni
Siku ya nne leo. Samahani nilipotea, simu ilikuwa kwa dada. Kijana amefungua macho juzi usiku, jana akanyonya. Homa imeshuka.

Majibu ya maji: chembe nyeupe nyingi kuliko kawaida, lakini kijidudu hakikuota chochote. Daktari asema huenda ni bakteria aliyekwisha pigwa nusu na ile dawa ya duka, huenda ni virusi, na malaria nayo ilikuwepo kweli kwenye damu. Hakutaja moja. Akasema sindano zitaendelea mpaka siku zitimie. Tumeangalia na kadi ya kliniki: ya wiki 14 hakupata, ya miezi 9 hakupata. Dada asema siku ya wiki 14 walitoka nyumbani wakakuta maji yamekupwa, boti hakuna, wakarudi, na tena hawakwenda.

Basi sasa wodini kuna mikutano mitatu. Jirani asema "nilisema malaria". Nyanya asema nyuni ametoka usiku ule ule alipofukiza nguo za mtoto kule nyumbani. Shemeji kawa mtaalamu wa maji ya mgongo, amemshawishi baba mwingine kitanda cha pili atie sahihi, anamwonyesha na kidole.

#41 BintiGede
Alhamdulillahi. Msiondoke kabla ya siku kutimia hata akicheza mpira. Na chanjo alizokosa anaweza kupewa akipona, waulize kabla ya kutoka, haijapita.

#42 Maweni_Kijana
Mimi bado nasema ilikuwa malaria. Lakini wangu nampeleka ya 18 Jumatano, msinisumbue.

#43 Alhaji_wa_Barani
Na ile ya meningokoka ya mahujaji bado sijaridhika na jibu.

#44 Mamake_Twins
@MwanaLangoni masikio?

#45 MwanaLangoni
Nimejaribu mwenyewe leo asubuhi amekaa mapajani mwa mamake. Nikapiga makofi kwa mikono yangu nyuma ya sikio la kulia akageuka. La kushoto nikapiga mara mbili, hakugeuka, lakini alikuwa anamtazama paka dirishani kwa hiyo sijui. Nimewaambia. Watampima Ijumaa.

#46 Kapteni_Mkanda
Siku ya kurudi niambieni, nitawabeba bure. Ila tupange na maji, Mkanda haumngojei mtu.